Rugaruga wa Rangi ya Kucha

Nyarugusu, 9 Juni 2024

Shangazi Mbuke,

Na lile sanduku la bluu, ambalo siku ya harusi kule Kahama uliliona likipakiwa garini hata kabla ya godoro, bado sijakujibu. Ulinishika mkono ukaniuliza, "Mumeo anaficha nini humo?" Mara mama akatuita kupiga picha, nikaondoka na jibu langu mdomoni.

Shikamoo kwanza. Nyonga inaendeleaje? Pamba mmeshaanza kuchuma? Sisi huku wazima kabisa, na mimi ni zaidi ya mzima. Nakuandikia barua kwa sababu ile simu ya jirani yako nimeikimbia. Ukiipokea unaweka sauti kubwa, na kijiji kizima kinanisalimia. Barua ataileta Eunice, yule mama wa dagaa wa Chato anayepita hapa kwetu kila anapokwenda Shinyanga.

Sasa sikia. Humo sandukuni kuna wanajeshi, shangazi. Wadogo, urefu wa kidole gumba. Ni mchezo wa vita wa mezani. Valerian alifundishwa na fundi mwenzake aliyetoka Dar, na sasa anacheza na rafiki zake Fredy na Nasibu kila Jumapili mchana. Meza yetu ya kulia inakuwa nchi. Wanatandika shuka, chini yake wanaweka sahani zimepinduliwa, hivyo ndivyo vilima. Jeshi linasogezwa kwa kupimwa na futi, na dadu ndiyo inayosema nani ameanguka. Nilidhani nitachukia. Lakini ukimwona mume wangu ameinama na ile futi yake, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, utasema Mungu alikuwa na furaha siku aliyomuumba.

Nchi zao ni za kubuni, hazipo popote, ila Valerian anasema kila jeshi lina watu wa kweli nyuma yake, na hicho ndicho kinachomkosesha usingizi. Kuna wapanda farasi wanaoitwa Upepo wa Nyasi. Hao wametokana na Wamongolia. Kuna wenye chuma mwili mzima na msalaba kifuani, wametokana na wale watawa wa Ulaya waliokwenda kupigania Yerusalemu. Kuna wenye mikono ya nguo iliyochanwachanwa, nami nikasema hawa wamekosa sindano. Kumbe palikuwa na askari wa kukodiwa wa Kijerumani, miaka mia tano iliyopita, waliochana nguo zao makusudi ili rangi ya ndani ionekane! Ninaowapenda zaidi ni Wana wa Sufuria. Wametokana na askari wa Waturuki wa zamani, waliovaa vijiko kofiani na kuheshimu sufuria ya kikosi kama wengine wanavyoheshimu bendera. Wakipindua sufuria, mfalme ajue wamemwasi. Valerian akaniambia, "Lakini hao walikuwa watoto wa watu, Asteria. Walichukuliwa kwa wazazi wao wangali wadogo." Nikampenda upya.

Wake wengine wanasimuliwa mpira. Mimi nasimuliwa dunia.

Jambo lenyewe ni hili. Katika majeshi yote hayo hakuna hata moja la kwetu. Mwishoni mwa Agosti wachezaji wanakutana Mwanza, na kila mmoja anaruhusiwa kuleta jeshi alilolibuni mwenyewe, pamoja na maelezo ya lilikotoka kweli. Valerian anafinyanga rugaruga, wale wapiganaji wa watemi kabla ya Wajerumani, wenye nguo nyekundu, manyoya kichwani na magobore. Anatumia ile gundi ya kuzibia mabomba, inayokandwa kama unga, maana kwa fundi wa pampu haikosekani. Nguo nyekundu ni rangi yangu ya kucha. Kwao Ushirombo wanasema babu wa babu yake alikuwa rugaruga hasa. Nimeolewa na damu ya vita, shangazi, na mwenyewe hata kuku hawezi kumchinja, nachinja mimi!

Najua babu alikusimulia mengi. Tuandikie unayoyakumbuka kuhusu rugaruga. Tukimaliza tutakuja, ili uione sura ya Valerian mchana, bila picha na makelele ya harusi. Wewe ndiye uliyenilea, na mpaka aketi kwenye kigoda chako nitajiona nusu tu ya mke wa mtu.

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi,
Asteria

*

Kishapu, 23 Juni 2024

Ng'wanone, mwanangu Asteria,

Marahaba. Nyonga inauma asubuhi, ikifika saa nne inanisahau. Pamba tumeanza, na mwaka huu ni fupi lakini nyeupe. Namshukuru Eunice, alinipimia na dagaa ambao sikumwomba. Nimeisoma barua yako kwa miwani ya marehemu mjomba wako, na nimelihesabu jina la Valerian mpaka nikachoka. Usimmalize mwaka wa kwanza, mwanangu, utamhitaji na uzeeni.

Kwa hiyo wanaume wazima, wenye ndevu, wanacheza wanasesere juu ya shuka yako. Haya. Bora hivyo kuliko pombe. Hilo la wenye kuchana nguo nimelicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

La rugaruga sikucheka.

Unayoyataka ninayo, lakini si ya kumpamba mtu. Babu wa baba yangu alikuwa na dada yake, jina lake Mageni. Boma lao lilizungushiwa minyaa, ile unayoijua ambayo utomvu wake ukiingia jichoni unapofuka, na lango lilikuwa moja. Mageni alikuwa nje kisimani alipowaona rugaruga wanakuja. Angeweza kujificha. Yeye akapiga mwano. Mwano unaujua, ule ukelele wetu wa hatari. Ukipigwa, kila mtu anatoka na chochote alichoshika, na wenye watoto wanakimbilia ndani. Watu wakakimbilia ndani, ng'ombe wakaingizwa, lango likafungwa. Yeye bado alikuwa nje. Walimsikia. Hawakufungua, kwa sababu wangefungua wangekufa wote. Rugaruga wakamchukua, na hakuna aliyejua tena habari zake.

Sisi wote tumetoka kwa waliokuwa ndani. Ndiyo maana babu akisimulia alikuwa anatazama chini.

Sasa wewe unaniambia umeolewa na damu hiyo, unaweka na alama ya mshangao. Mumeo nilimpenda siku ya harusi. Alinibebea kiti bila kuombwa. Lakini rugaruga hakuwahi kuingia kwetu kwa kupiga hodi, na sitaki wa kwanza awe mkwe wangu, anakuja na sifa zao sandukuni. Msije kwanza. Nitakuambia nikiwa tayari.

Ule vizuri. Usibebe ndoo mbili kwa pamoja, nakujua.

Shangazi yako,
Mbuke

*

Nyarugusu, 30 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini nyonga imetulia na miwani haijaanguka tena kwenye chungu. Sisi wazima wa mwili.

Barua yako niliisoma kwa sauti tukiwa tunakunywa chai. Valerian hakuimaliza chai. Alichukua mfuko wa spana akaenda duarani, wanaita duara lile shimo la kuchimbia dhahabu, na pampu aliyokwenda kuitengeneza ilikuwa nzima. Niliambiwa na Nasibu. Aliporudi akaniuliza jambo moja tu: "Mageni alikuwa na umri gani?" Wewe unajua?

Nilikukosea, shangazi. Niliandika kama mtu anayeimba. Lakini sitaki udhani tunawasifu hao watu. Kwa hiyo nakutumia mmoja, yule aliye bora kuliko wote, ili umtazame usoni mwenyewe. Valerian alisema tungoje kwanza. Mimi nikasema hapana, shangazi yangu akiona kwa macho yake ataelewa. Mtazame alivyokunja uso. Si mtu mwenye furaha. Nguo yake ni rangi yangu ya kucha, manyoya ni ya yule jogoo wa Pasaka, na nywele ni zangu mwenyewe. Nilikata kwenye msuko wa nyuma, nikazibandika moja moja kwa kibano. Nilitaka awe na kitu changu, ili ujue mwanao yumo.

Nimemfunga kwenye kipande cha kitenge cha harusi. Eunice ana haraka safari hii. Atamwacha dukani kwa Mama Hosiana, wewe utamchukua hapo.

Mwanao anayekupenda sana,
Asteria

*

Nyarugusu, 28 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi mzima kimya. Eunice aliugulia Chato, hajapita hapa, kwa hiyo hii nampa kondakta wa basi la Shinyanga, Mungu akipenda itafika. Ile simu ya jirani yako nimepiga mara nyingi. Inaita, mtu anapokea, nikitaja jina lako inakatwa.

Umenikasirikia kiasi hicho? Nitukane basi, nisikie sauti yako. Valerian hajagusa sanduku tangu siku ile. Jumapili Fredy na Nasibu wanakuja, wanakaa, wanakunywa soda, wanaondoka.

Wako,
Asteria

*

Kishapu, 11 Agosti 2024

Ng'wanone,

Marahaba. Mimi mzima. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua utasoma haya mengine ukiwa umesimama. Kaa chini.

Sikukasirika. Nilikosa tu mtu wa kunipelekea barua. Hii anaileta Eunice, amepona, na yeye si wa kijiji hiki kwa hiyo amri haimhusu.

Mama Hosiana alifungua lile furushi. Alidhani ni kitenge cha kuuza. Akaona kijitu cha kidole gumba, chekundu, kina manyoya ya kuku na nywele za mtu. Za mtu kweli, mwanangu, amezivuta akahakikisha. Na kimeandikiwa jina la mama mzee anayekaa peke yake, mwenye macho yaliyoiva mekundu kwa moshi wa jiko la samadi. Wewe ni mtoto wa huku. Kama ungefikiri dakika moja badala ya kufikiri jinsi unavyopenda, ungejua kinachofuata.

Ilikuwa mchana, nachambua pamba. Nikasikia mwano. Nikatoka mbio na jembe, kama inavyotakiwa, kwenda kusaidia. Nafika dukani nakuta watu wamezunguka, wananitazama mimi. Ulipigwa kwa ajili yangu.

Walinzi wetu, sungusungu, wakakaa kikao palepale. Kamanda wao ni Nkwabi, yule niliyekuwa namfuta kamasi enzi hizo. Akakiweka kijitu juu ya gunia, akakaa mbali nacho.

"Mama Mbuke, hiki ni nini?"

"Rugaruga."

"Rugaruga waliisha zamani."

"Basi huyu alichelewa."

Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. Akauliza nywele ni za nani. Nikasema za Asteria. Mama mmoja akapiga kelele kwamba nimemwua mtoto wa kaka yangu! Nikasema hajafa, ameolewa Nyarugusu, na mumewe anacheza vita mezani. Wewe fikiria unavyosikika hapo. Nikatoa barua yako ya kwanza niwasomee. Nikaona aibu kuliko siku zote za maisha yangu, maana kila nikitafuta pa mchezo naangukia pa mapenzi. Nilipofika penye ulimi kutoka pembeni vijana walishindwa kujizuia. Nkwabi akasema barua yoyote anaweza kuiandika mtu yeyote.

Basi nikaacha kusoma, nikawaambia mwenyewe. Niliwaambia rugaruga walikuwa nani, na walipita wapi, na juu ya minyaa na lango na Mageni. Kumbe vijana wote hawajui! Wanapiga mwano kila mwizi wa ng'ombe akionekana, na hawajui kuna aliyeupiga akafungiwa nje. Ndipo Nkwabi akaniuliza, "Na huyo Mageni yuko wapi? Umetuletea adui, ndugu hukutuletea."

Alisema kweli.

Uamuzi ni huu. Aliyekifinyanga aje mwenyewe, na wenzake wote wa sandukuni, awapange mchana mbele ya mkutano ili ionekane ni mchezo. Na wewe uje na kichwa chako, wazione nywele zilikotoka. Siku ya mwisho ni mwisho wa mwezi huu. Mpaka hapo nimetengwa. Hakuna wa kunisalimia, kunipa moto wala kusimama nami kisimani. Msipokuja, nihame. Unajua akina mama wa umri wangu wanaohamishwa kwa neno la uchawi huwa hawafiki wanakokwenda.

Usilie. Naamka, nachambua pamba yangu, nawasalimia ng'ombe, wao wananiitikia. Kinachonisumbua ni kwamba nilikukataza kuja, na sasa sina mwingine wa kumwita.

Mwambie Valerian hivi, kwa maneno yangu: nilikataa rugaruga, sikumkataa yeye. Na kama gundi yake haijaisha, amfinyange Mageni. Alikuwa msichana, hajaolewa. Zaidi ya hapo sijui. Asiweke nywele.

Shangazi yako,
Mbuke

*

Nyarugusu, 22 Agosti 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo, za siku zote ambazo hukusalimiwa. Barua hii nampa Eunice mkononi, ameapa ataifikisha kwako mwenyewe wala haitagusa duka la mtu. Nimekaa chini kama ulivyosema. Nimelia kama ulivyonikataza. Nimeshamaliza.

Nilipofika mwisho wa barua yako, Valerian alikuwa ameshavaa viatu. Nikamwuliza, "Wapi?" Akasema, "Ushirombo, kwa bibi. Siwezi kwenda kusimama mbele ya watu nikatetea mtu nisiyemjua." Alirudi keshokutwa yake, amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi, mzuri ajabu. Bibi yake, Bibi Agnetha, alikuwa amemwambia jambo ambalo wanaume wa ukoo huwa wanaliruka wakisimulia. Babu wao yule hakuzaliwa rugaruga. Alichukuliwa mtoto, boma lao lilipochomwa, akakua akibeba mizigo yao, na alipopata nguvu wakampa gobore. Hakuna anayejua alitoka wapi. Bibi anasema kitu kimoja tu kilichobaki: alizeeka anaongea Kisumbwa kama wenzake wote, lakini ng'ombe aliwahesabu kwa Kisukuma chetu mpaka anakufa.

Valerian alinisimulia hayo amekaa mlangoni, hajavua viatu. Kisha akasema, "Wana wa Sufuria, Asteria. Ni walewale." Nilimletea maji ya kuoga.

Sisemi kwamba babu huyo ametoka kwenu, shangazi, wala hatutasema hivyo mbele ya mkutano. Hatujui. Tutasema tunachokijua: naye kuna siku alikuwa upande wa ndani wa minyaa.

Tangu hapo tumekesha na gundi. Jeshi limebadilika lote. Rugaruga wapo, lakini Valerian amewatoa manyoya wawili wa pembeni na kuwafanya wafupi, watoto waliobeba mizigo. Na upande wa pili kuna boma. Minyaa ni nyaya za umeme zilizopakwa kijani, ng'ombe wamefinyangwa na Fredy, wamekuwa kama mbuzi, usiwacheke mbele yake. Na wamebuni sheria mpya. Jeshi la boma halina nguvu yoyote peke yake, kila mtu ni dhaifu. Lakini mmoja akipiga mwano wote wanasogea kwa pamoja, hata ambaye si zamu yake. Anayepiga ndiye asiyeweza kusogea. Wamejaribu mara nyingi kuona kama kuna njia ya kumwokoa. Ipo moja. Waliomo ndani wafungue lango mapema na wakubali kupoteza. Nasibu alikuwa na rugaruga, angeweza kushinda siku hiyo. Fredy alipofungua lango Nasibu akaweka dadu chini, akasema hachezi tena leo.

Mageni yupo. Ana urefu wa kidole changu kidogo. Hana nywele, kichwa chake ni gundi tupu. Ameweka kiganja mdomoni na shingo ameinyoosha, anaita. Nguo yake nilitaka kuipaka rangi ya kucha, Valerian akasema hiyo ni ya rugaruga. Tumempaka nyeupe ya pamba.

Mkutano wa Mwanza ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tarehe thelathini na moja. Ndiyo siku yako ileile ya mwisho. Fredy alinung'unika kidogo, akasema tungeweza kuja kwako mapema halafu tukawahi Mwanza. Valerian akamwambia kwamba mtu haendi ukweni mara ya kwanza huku anaangalia saa. Mwanza haendi. Fredy na Nasibu nao hawaendi. Wanakuja na sisi kubeba meza, kwa sababu Valerian hataki kuwapanga watu wake juu ya gunia. Ukutani amebandika karatasi yenye maneno ya Kisukuma ya salamu, anayasema akinyoa. Ananiambia mwangaluka, salamu ya asubuhi, saa kumi jioni. Anajifunza pia kuhesabu ng'ombe.

Nywele zangu sijazisuka. Nkwabi ataona palipokatwa, kipara kidogo nyuma ya sikio, kibaya kweli. Valerian anasema ndipo anapopapenda zaidi. Na Mama Hosiana nitamletea chupa ya rangi ya kucha, ileile, ajipake mwenyewe aone kama ataota pembe.

Sasa nisikilize vizuri. Tutateremka barabarani na kuja kwa miguu, mchana, watu watuone. Hatutaingia. Valerian amesema atasimama nje ya minyaa yako, mikono mitupu, sanduku chini, na atapiga hodi mpaka uitikie wewe mwenyewe. Ukichelewa kwa sababu ya nyonga, chelewa tu. Hana haraka. Na ukifungua lango, usimtazame yeye kwanza, wala usinikumbatie mimi. Mageni nitakuwa nimemshika kiganjani. Tunataka yeye atangulie kuingia.

Teka maji. Moto tunakuja nao. Kabla mwezi huu haujaisha, shangazi, tutakuwa langoni kwako.

Mwanao,
Asteria, na mkweo Valerian anayeomba hodi tangu sasa